Waliopiga simu walisikiliza

Mimi niko upande wa waliopiga simu. Nalisema mapema, ili wasomi wa muziki waliofika ukurasa huu kwa bahati mbaya wapate nafasi ya kufungua kurasa za michezo.

Simu zenyewe zilipigwa BBC, London, usiku wa tarehe 16 Septemba 1995. Ulikuwa usiku wa mwisho wa Proms, tamasha la muziki ambalo Waingereza hulifanya kila kiangazi, na mwaka huo lilikuwa linatimiza miaka 100 tangu Henry Wood alipoliongoza mara ya kwanza mwaka 1895. Ukumbi wa kwanza, Queen's Hall, uliteketezwa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1941, tamasha likahamia Royal Albert Hall, jengo la mviringo linalomeza watu zaidi ya 5,000. Usiku huo wa mwisho una mila zake. Watu wazima huja na kofia za mzaha, bendera na honi. Okestra ikifika kwenye nyimbo za mabaharia, hadhira hupiga makofi na kukanyaga sakafu kwa kwenda na mdundo, honi zinalia, halafu ukumbi mzima huimba nyimbo za kuitukuza Uingereza. Nusu ya pili ndiyo hasa inayotazamwa kwenye televisheni, ndani ya Uingereza na mbali nayo.

Ndipo msimamizi wa tamasha, John Drummond, ambaye huo ulikuwa msimu wake wa mwisho kazini, akaingiza katika nusu hiyo ya pili kazi mpya kabisa ya Harrison Birtwistle. Inaitwa Panic. Ni koncheto ya namna yake: badala ya mpigaji mmoja kusimama mbele ya okestra, wako wawili, John Harle kwenye saksafoni ya alto na Paul Clarvis kwenye dramu. Nyuma yao BBC Symphony Orchestra, chini ya Andrew Davis, lakini bila fidla hata moja. Ni vyombo vya kupuliza na vya kugonga tu. Kwa muda wa dakika kama 18 saksafoni inapiga mayowe, inatimua mbio, inajirudi, inapayuka tena, na dramu iko nayo bega kwa bega. Kuna mahali hao wawili wanaachana kabisa na fimbo ya kiongozi na kushika mwendo wao, okestra ikabaki na wa kwake.

Watu walikuwa wamekaa sebuleni wakingoja kuimba. Mnaweza kukisia. Simu za malalamiko zikamiminika, na kulipokucha magazeti yakapata kazi ya kufanya. Kelele tupu, walisema. Si muziki. Upande wa pili wakasimama mabingwa wakiwatetea Birtwistle na Drummond, na utetezi wao tangu siku hizo umekuwa ule ule: umma haukuelewa.

Mimi nimepuliza alto tangu ujana. Nilianzia klarineti katika bendi ya matarumbeta ya jeshi, nikahamia saksafoni kwa sababu mwenye nayo alistaafu, na baadaye nikaingia kwenye dansi. Wapulizaji wengi wa rika langu walipita njia hiyo. Jeshi, polisi na magereza ndio waliokuwa na vyombo, na ndio waliokuwa na mwalimu wa kukukemea ukipuliza ovyo. Birtwistle mwenyewe, mtoto wa Accrington kaskazini ya Uingereza, alianza na klarineti na akapuliza katika bendi ya mji wake kabla hajawa mtunzi. Kwa hiyo nikimsikia namjua. Huyu si mtu wa kuandika noti asizozijua mdomoni.

Sasa katika dansi hakuna anayekwambia kwamba hadhira haikuelewa. Kiongozi wetu wa bendi alikuwa hatazami nyuso za watu, alitazama miguu. Wimbo ukianza na viti vikabaki na watu wake, huo umekataliwa. Hakuna aliyezomea, hakuna aliyepiga simu, na bado hukumu imetoka na kila mpigaji ameisoma. Usiku mmoja, mjini Tanga, nilijitanua. Nilipewa nafasi ya kupuliza peke yangu katikati ya wimbo, nami nikaona niwaonyeshe watu wa pwani nilichojifunza: nikapanda juu kabisa, nikaminya sauti, nikaikwaruza. Tulipopumzika akanijia mama mmoja wa makamo, amejifunga kanga vizuri, mstaarabu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hilo tarumbeta lako linalia kama mbuzi aliyekabwa na kamba. Tena pale mwisho mwisho, uliporudia mara ya pili. Ile ya kwanza ilikuwa nzuri.”

Akaenda zake kununua soda. Mimi nikabaki nimesimama, nikiwa na taarifa ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunipa. Hakusema sijui kupuliza. Alinionyesha mahali. Ile ya kwanza nzuri, ya pili mbuzi. Na alikuwa amesikiliza mpaka akajua kwamba zilikuwa mbili.

Nilipokuja kuisikia rekodi ya Panic, miaka mingi baada ya usiku ule wa London, nilicheka peke yangu, kwa sababu mbuzi yuko ndani yake na amewekwa kwa makusudi. Pan, aliyeipa kazi hiyo jina, ni mungu wa wachungaji katika hadithi za Wayunani wa kale: kiunoni kwenda chini ni mbuzi, ana pembe, anapuliza filimbi ya matete, na anapotokea porini watu na mifugo hutimka kwa hofu wasiyojua chanzo chake. Saksafoni ndiyo Pan. Mdomoni mwake hata yeye ana kipande cha tete. Kwa hiyo yule Mwingereza aliyeshika simu na kulalamika kwamba ametishwa sebuleni kwake alikuwa ametoa maelezo sahihi ya kazi hiyo kuliko wengi walioiandikia sifa. Alisikia hofu. Hofu ndiyo iliyoandikwa.

Watu huwa wanasema saksafoni ilionewa, kwamba kwa asili ni chombo laini cha mapenzi na Birtwistle akakitesa. Sikubali. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyepata hataza yake Paris mwaka 1846, alitaka sauti yenye nguvu ya shaba na wepesi wa klarineti, na wateja wake wa mwanzo walikuwa bendi za jeshi la Ufaransa, zinazopiga nje, kwenye upepo na farasi. Okestra za ukumbini hazikukihitaji na kwa muda mrefu hazikujua zikiweke wapi. Debussy alilipwa na mwanamama wa Boston, Elise Hall, amwandikie kazi ya saksafoni, akavuta miguu miaka na miaka. Mpaka anafariki mwaka 1918 ilikuwa haijakamilika, ikabidi mwenzake Roger-Ducasse aimalizie. (Hela alikuwa ameshakula. Watunzi ni wale wale kila mahali.) Aliyefanya kazi ya kweli ni Sigurd Raschèr, Mjerumani aliyewaandama watunzi mmoja mmoja mpaka wakaandika. Glazunov, Mrusi aliyekuwa akiishi Paris, alimpa koncheto ya alto na nyuzi, ikapigwa kwa mara ya kwanza mjini Nyköping, Sweden, mwaka 1934. Hiyo ni tamu kweli. Naipenda na nimeipuliza sehemu zake, vibaya. Lakini Glazunov aliivalisha saksafoni suti ya fidla. Birtwistle aliivua suti hiyo, akairudisha nje alikotaka Sax, ikiwa na shaba na ngoma.

Kwa hiyo, naam, naona Panic ni kazi nzuri, na bado nasema waliopiga simu walifanya jambo jema. Msomaji ataniuliza nakaaje pande zote mbili. Nakaa hivi: kupenda si wajibu wa msikilizaji. Wajibu wake, kama upo, ni kuguswa na kinachopigwa na kuacha ionekane. Mtu aliyenyanyua simu usiku, akasubiri mpokezi, akatoa ya moyoni, huyo dakika zile 18 zilimwingia. Mwenye mashaka naye ni yule aliyekaa ukumbini amekunja mikono, akangoja mwisho, akapiga makofi ya kipimo, akaenda nyumbani na kuulizwa na mkewe ilikuwaje, akasema, “Ilikuwa nzuri.”

Huyo tunaye hapa, tena ni wengi. Nenda kwenye kituo chochote cha utamaduni cha ubalozi jijini Dar es Salaam siku anapokuja mpigaji mgeni wa muziki wa kizungu wa ukumbini. Tunakaa wima. Mtu akikohoa anatazamwa. Sehemu ya kwanza ya koncheto inaisha, mpigaji ametokwa jasho, ametoa roho yake, na kijana mmoja nyuma anapiga makofi kwa furaha. Mara safu nzima ya mbele inageuka kumtazama kana kwamba amevunja glasi. Hairuhusiwi kupiga makofi kati ya sehemu na sehemu, unaona. Nani kasema? Mozart alipopigiwa simfoni yake mjini Paris mwaka 1778, alimwandikia baba yake kwa furaha kwamba hadhira ilipiga makofi katikati kabisa ya sehemu ya kwanza, muziki ukiendelea, mahali alipojua mwenyewe kwamba watapenda. Alifurahi hata akaenda kula aiskrimu. Kimya hiki cha kanisani kilikuja baadaye, katika karne ya 19, na sisi tumekipokea kikiwa kimefungwa vizuri kama amri.

Ajabu ni kwamba watu hao hao tunaokaa kama sanamu mbele ya koncheto, tukienda kwenye taarab tunajua kuinuka. Mwimbaji akifika pale panapouma, mtu anatoka kwenye kiti na noti mkononi, anakwenda kumtunza, kila mtu anaona ni ubeti gani umemgusa na wengine wanaanza kukisia ni kwa nini. Tunaambiwa hiyo ni kukosa adabu ya ukumbi. Mimi naona mpigaji yeyote angeuza viatu vyake apate hadhira inayomwonyesha waziwazi ni wapi amefika.

Nina kosa moja la kuwashitaki nalo wale wapiga simu, na si dogo. Wengi waliishia kwenye “si muziki”. Hilo halimsaidii mtunzi, halimsaidii mpigaji, na halimsaidii hata aliyelisema, kwa kuwa linafunga mlango kabla hajaulizwa swali la pili. Tena limetoka midomoni mwa watu ambao jioni hiyo hiyo walikuwa tayari kufurahia maelfu ya wenzao wakipuliza honi ndani ya ukumbi, kwa hiyo kelele peke yake haikuwa shida. Mama wa Tanga angewakemea. Angetaka kujua ni pale saksafoni ilipopanda mara ya kwanza au ya pili, ni dramu iliyokuwa inaudhi au ni shaba, ilianza kuchosha wapi.

Drummond naye simlaumu. Wapo waliosema angeiweka Panic siku nyingine, katikati ya wiki, mbele ya wajuzi. Wajuzi wangepiga makofi ya kipimo, kazi ingeingia kabatini, na mimi leo nisingekuwa na habari nayo. Aliipeleka kwa watu wenye bendera mkononi, ambao hawakufundishwa kuficha. Hiyo ni heshima, hata kama ilikuja na ubishi kidogo wa mzee anayeaga.

Birtwistle alifariki Aprili 2022. Rekodi ya Harle ipo, na siku hizi haihitaji gharama kuipata. Isikilize kwa sauti ya juu, si kwenye spika ya simu, na usimwalike mtu atakayekueleza maana yake. Ukiichukia, niandikie hapa gazetini, nami nitamwomba mhariri aichape barua yako. Sharti langu ni moja: niambie ni dakika ya ngapi.