Kabla Hujanunua Mbwa wa Ghala

Mfanyabiashara wa Vurra akipata ghala, kwanza hutafuta kufuli, kisha mbwa. Kufuli hulinunua baada ya kuuliza limetengenezwa wapi. Kuhusu mbwa haulizi kitu. Anachukua mtoto wa mbwa aliyevushwa ndani ya boksi kutoka upande wa Aru au Ariwara, hana karatasi wala chanjo, mradi bei ni nafuu. Mwaka ukipita biashara inahamia Koboko, na mbwa anabaki sokoni akigombania mifupa.

Hao ndio mbwa koko tunaowalalamikia. Hawakutoka porini. Tuliwaacha sisi.

Linalotutia hofu ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na duniani takriban wagonjwa 99 kati ya 100 huambukizwa na mbwa. Ugonjwa huweza kujificha mwilini kwa wiki au miezi, hivyo mbwa anayechezacheza leo pale forodhani anaweza kuugua akiwa tayari amezoeana na watoto wako. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kutafuta chanjo. Asikae kungoja aone kama mbwa atakufa.

Iko njia nyingine, na wenzetu wa Gulu, ng'ambo ya Nile, wanaijua. Shirika la The BIG FIX Uganda lina hospitali ya wanyama huko. Mradi wake wa Comfort Dog, ulioanzishwa na Francis Okello Oloya, aliyepofushwa utotoni na bomu lililokuwa limefukiwa ardhini, huchukua mbwa waliotelekezwa, ukawatibu, ukawachanja na kuwafunga uzazi, halafu ukawakabidhi kwa watu wanaoteswa na kumbukumbu za vita. Mtu na mbwa wake hufundishwa pamoja. Mbwa aliyeokotwa jalalani akiweza kumtuliza aliyenusurika vita vya LRA, hatuoni kwa nini ashindwe kulinda magunia ya maharage. Kampala nako, chama cha USPCA kina makazi ya mbwa na paka waliookolewa, na huwatoa kwa walio tayari kuwatunza.

Tena mbwa mkubwa ana faida ambayo mfanyabiashara ataielewa upesi: tabia yake unaiona kabla hujamchukua. Mtoto wa mbwa ni mzigo uliofungwa. (Na wenzetu Waislamu, ambao si wachache Arua, wanajua kwamba mbwa wa ulinzi ameruhusiwa. Anakaa nje, bandani kwake.)

Tunakubali kwamba safari ya Gulu kwa ajili ya mbwa ni nzito kwa mtu anayefungua duka alfajiri. Kwa hiyo tunaziomba mamlaka za Arua na Koboko, pamoja na vyama vya wafanyabiashara, zitenge uzio mmoja karibu na mpaka. Mbwa wanaozurura wakamatwe, wachanjwe, wafungwe uzazi, na wapewe wenye maghala watakaotia sahihi kuwatunza. Ada ilipwe, hata makufuli hatupewi bure. Sumu, ambayo baadhi ya miji huikimbilia, huua na waliochanjwa, na nafasi yao hujazwa na wengine wasio na chanjo.

Kazi hii ifanywe pande zote mbili. Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na Walugbara wa Arua na wa Aru ni ndugu. Mbwa hapigi muhuri mpakani. Chanjo ikiwafikia mbwa 70 kati ya 100, ugonjwa hukosa pa kupita, lakini hesabu hiyo haitatimia ikiwa upande mmoja unachanja na mwingine umelala. Madaktari wa mifugo wa nchi zote mbili wapange wiki moja ya chanjo.

Wewe mwenye mbwa ghalani sasa, usingoje uzio huo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii, na karatasi ya chanjo uiweke pamoja na leseni ya biashara.