Tusipime akili ya mzee kwa darasa alilofika

Ndugu Waislamu, mzee anayeanza kusahau anapopelekwa kwa daktari, mara nyingi huulizwa alisoma hadi darasa la ngapi. Wengi wa wazee wetu hapa Lemara hujibu kuwa hawakusoma, na fomu hujazwa hivyo. Lakini miongoni mwao wamo waliohitimu Qur'ani madrasa wakiwa watoto, na wamo waliojua kusoma ukubwani, katika kisomo kilichopamba moto baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wote huwekwa fungu moja na asiyepata kufungua kitabu maishani.

Hapo pana hatari. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitoa matokeo ya wazee 983 ambao hakuna aliyezidi miaka minne ya shule. Wasiojua kusoma walikutwa na maradhi ya kupotewa na kumbukumbu karibu mara tatu kuliko wenzao wanaojua. Shule yao wote ilikuwa haba. Tofauti ilikuwa kusoma. Haithibitishi kwamba ujinga wa kusoma ndio ulioleta maradhi, kwani ufukara nao huandamana nao, ila yatosha kutuonyesha kwamba darasa peke yake halisemi kitu.

Nao Sylvia Scribner na Michael Cole, katika kitabu chao cha 1981 juu ya Wavai wa Liberia, walieleza kuwa waliosoma Qur'ani waliwapita wengine katika kukumbuka maneno yanayoongezwa moja moja kwa mpangilio. Aliyewahi kuhifadhi juzuu hatashangaa. Hawakuwapita katika kila jambo, nasi tusidai zaidi ya hapo.

Kisha kuna kipimo chenyewe. Kile kilichoenea duniani tangu 1975 humtaka mzee aandike sentensi na anakili michoro. Asiyezoea kalamu huonekana mgonjwa ilhali ni mzima. Wilayani Hai, jirani zetu, kilitengenezwa kipimo kiitwacho IDEA, ambamo mzee hupanga njiti za kiberiti badala ya kuchora. Hicho ndicho kiwafikie wazee wetu.

Maimamu nao wawatengee wazee nafasi madrasa baada ya Alasiri, hasa akina bibi, ambao wengi wao hata huko hawakupelekwa. Na anayejaza fomu aongeze swali moja tu: mzee, unasoma nini, na kwa herufi zipi?