Safari ya Katavi: kikwazo ni gari, si kiingilio

Jamaa zangu wanne niliosoma nao chuo walinipigia juzi. "Wewe si uko Mpanda? Tupangie safari ya Katavi basi, tunakuja Agosti." Nikawajibu hakuna tabu. Nilidhani ni kazi ya simu mbili tu. Kumbe!

Simu ya kwanza nilimpigia wakala mmoja wa utalii. Dada aliyepokea alikuwa mchangamfu, akaniuliza: "Wageni wako wanatokea nchi gani?" Nikamwambia wanatokea Kimara na Tabata. Kimya kidogo. Kisha akanitajia bei, kwa dola, ikiwa na ndege ndogo ya kutua Ikuu, ndani kabisa ya hifadhi. Nikamshukuru nikakata simu. Kwa hela ile mmoja wetu angelipa kodi ya chumba Dar mwaka mzima.

Simlaumu. Biashara yake imejengwa kwa mteja anayetoka mbali na mwenye siku chache. Lakini hapo ndipo wengi wetu tunapoishia. Tunasikia bei ya yule mteja, tunahitimisha kwamba mbuga ni za Wazungu, tunarudi kuangalia simba kwenye televisheni.

Hebu tupige hesabu upya, kama Wabongo.

Kufika Mpanda si tatizo tena kama zamani. Kuna treni inayochepuka Kaliua kutoka reli ya Kigoma. Kuna mabasi, na lami ya kutoka Tabora kupitia Sikonge, na barabara ya kutoka Sumbawanga. Vyumba vya bei nafuu mjini vipo. Kutoka hapa hadi Sitalike, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 35. Na kiingilio? Mgeni wa nje analipa kwa dola, sisi tunalipa kwa shilingi, maelfu machache tu. Kuna watu wanamaliza hela hiyo kwa chipsi kuku na soda.

Sasa umefika getini. Unaingiaje? Hapo ndipo penye kazi. Hifadhi ina kilomita za mraba 4,471. Bodaboda haiingii kutalii. Unaweza kuomba matembezi ya miguu na askari mwenye silaha, na nakushauri ujaribu, ila kwa miguu hutafika mbali. Ukitaka uwanda wa Katisunga, Ikuu au Ziwa Chada unahitaji gari, tena lenye uwezo. Kulikodi, kulijaza mafuta na kumlipa dereva ndiyo gharama inayomeza zote. Mkiwa wawili mtalia. Mkiwa saba, kila mmoja anatoa kiasi kinachovumilika.

Kwa hiyo niliwajibu jamaa zangu hivi: msije wanne, tafuteni wengine wawili, na mimi wa saba. Njooni kati ya Julai na Oktoba, maana masika barabara za ndani zinageuka tope. Acheni nguo nyeusi na za bluu iliyokolea, mbung'o wanazipenda sana. Chakula na maji tunanunua Mpanda sokoni.

Ila kuna jambo linaloniuma zaidi ya safari yetu.

Barabara ya Mpanda kwenda Sumbawanga inakatiza ndani ya hifadhi hii. Maelfu ya watu wa mkoa huu wamepita humo wakiwa wamesinzia kwenye basi. Muulize kijana wa Mpanda kama amewahi kuingia Katavi. Atakwambia, "Nimepita." Hifadhi ilianzishwa mwaka 1974. Kuna mzee amezaliwa hapa, amezeeka hapa, na kiboko amemwona pale darajani Sitalike tu.

Ubaya wake ni huu. Uhai wa Katavi ni Mto Katuma. Kiangazi maji yanapopungua, viboko kwa mamia wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki, na mamba wanajichimbia mapangoni kwenye kingo. Mto huo kabla ya kufika Sitalike unapita kwenye mashamba ya watu. Mkulima wa mpunga huko juu anayachepusha maji kwa sababu ana watoto wa kulisha na kusomesha. Tunamwambia aachie maji yaende kwa viboko. Viboko gani? Hajawahi kuingia kuwaona. Kwake hifadhi ni uzio na askari wa kumkamata. Nani kati yetu angeacha mpunga wake ukauke kwa ajili ya kitu cha watu wengine?

Sisemi kwamba akiwaona viboko atafunga mfereji siku hiyo hiyo. Njaa haishibi kwa mandhari. Lakini huwezi kumwomba mtu akulindie mali ambayo hujawahi kumwonyesha.

Hoja yangu ni ndogo. Tafuteni basi. Basi moja imara, Jumamosi moja kila mwezi wa kiangazi, litoke stendi ya Mpanda asubuhi, lirudi jioni, nauli ya kawaida. Halmashauri, hifadhi na wenye mabasi wakae waone nani anachangia nini. Viti vya kwanza wapewe wanafunzi na wakulima wa bonde la Katuma, sisi wa Kimara na Tabata tutajibana nyuma.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa ofisini, unayesema utalii ni ghali: umewahi kuuliza bei kwa shilingi? Tafuta wenzako sita, halafu uulize tena.