Kazi ya Gemu Si Kucheza

Jioni yoyote, kwenye kibanda cha PS cha Manzese au cha Kariobangi, hakosekani kijana mwenye pedi mkononi ambaye, akiulizwa anataka kazi gani, hujibu bila kusita: kutengeneza gemu. Akiulizwa kwa nini, husema anazipenda na mtaani hakuna wa kumfunga. Nyumbani mama yake humnyang'anya simu, kwa kuwa haamini kama yupo mwajiri wa kumlipa mtu mshahara kwa kucheza. Mama na mwana hugombana kila wiki, wala hawatambui kwamba wanaamini jambo moja: kwamba kazi ya gemu ni kucheza.

Imani hiyo ni ya uongo, na inaharibu maisha ya vijana.

Mpira ambao vibanda bado vinauita FIFA, ingawa tangu 2023 unauzwa kwa jina la EA Sports FC, ni bidhaa ya kampuni ya Electronic Arts, ambayo ina studio kubwa karibu na Vancouver, Kanada. Ndani ya bao moja la dakika ya 90 mna jasho la watu wengi. Wapo waliokokotoa mpira upinde vipi hewani, waliorekodi miendo ya wanasoka halisi waliovalishwa vifaa vya kunasa mwendo, waliopanga kelele za mashabiki, na wanaohakikisha pasi inafika kwa wakati ingawa mchezaji mmoja yuko Mombasa na mwenzake yuko mji mwingine. Hesabu, uchoraji, sauti, mitandao: yote hayo hufundishwa na kusomwa. Mtu anayekula pilau kila Ijumaa hapewi jiko la hoteli kwa sababu hiyo.

Hata mjaribu wa gemu, kazi ambayo vijana huiona kama pepo, hachezi. Anaweza kupewa mlango mmoja akaufungua na kuufunga siku nzima: mhusika akiwa na silaha, akiwa hana, intaneti ikiwa imekatika, gemu ikiwa katikati ya kuhifadhi. Kila hitilafu anaiandikia ripoti inayoeleza hatua kwa hatua ilivyotokea. Kesho yake anarudi kwenye mlango uleule.

Lakini dhara kubwa la imani hii ni kwamba waajiri wanaijua. Mtu aliyeambiwa kwamba analipwa kwa kufanya anachokipenda huona haya kudai saa za ziada. Mwaka 2004 Erin Hoffman, mchumba wa mfanyakazi mmoja wa Electronic Arts, aliandika barua ya wazi bila kutaja jina lake. Alieleza jinsi watu walivyofanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nne usiku, siku saba kwa wiki. Kesi mbili za wafanyakazi ziliishia kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 15.6 kwa wachoraji na milioni 14.9 kwa waandishi wa programu. Wote hao walizipenda gemu. Mapenzi yao hayakuwapa hata usingizi.

Wala hayampi mtu ulinzi. Oktoba 2023 Microsoft ilikamilisha ununuzi wa Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Januari iliyofuata ikatangaza kuwaondoa watu 1,900 katika kitengo chake cha gemu. Mwezi mmoja baadaye Sony ikatangaza kupunguza 900. Kwa hiyo mama ana sababu ya kuogopa, ila anaogopa kitu kisicho. Hatari ya kazi hii haiko kwenye uvivu.

Mtetezi wa imani hii atamtaja Eric Barone wa Marekani, aliyeipenda tangu utotoni gemu ya shamba iitwayo Harvest Moon na hatimaye akatengeneza ya kwake, Stardew Valley, iliyouza nakala zaidi ya milioni 30. Ni kweli aliipenda. Lakini Barone alikuwa na shahada ya sayansi ya kompyuta, na bado hakupata kazi. Alikaa miaka minne na nusu akiandika programu, akichora na kutunga muziki peke yake, na kwa muda akapata riziki kwa kuwaelekeza watazamaji kwenye viti vyao katika ukumbi wa maonyesho mjini Seattle. Picha alizokwisha kuchora alizirudia upya, kisha akazirudia tena. Miaka ile hakuishi kwa kucheza.

Nairobi pia ina mfano. Andrew Kaggia, aliyetoa gemu ya Nairobi X mwaka 2015, alikuwa tayari amejulikana kwa Wageuzi, filamu fupi ya katuni iliyowafanya wanasiasa wa Kenya kuwa magari ya roboti. Aliingia kwenye gemu akiwa na ufundi mkononi.

Mzazi anayetaka kumpima mwanawe asimhesabie saa za kucheza. Amuulize ametengeneza nini mpaka kikaisha. Programu za kutengenezea gemu na picha, kama Godot na Blender, hazilipiwi, na kazi ya kwanza iko barazani: bao la Kiswahili, mashimo 32 na kete 64. Kijana ajaribu kuliingiza kwenye simu. Itambidi aielekeze mashine ianze na kete sita ndani ya shimo liitwalo nyumba, iwawekee wachezaji kete 22 kila mmoja za kunamua, yaani za kuingiza moja moja, itambue lini kuna kula na lini hakuna. Na kete ya mwisho ikiangukia nyumbani baada ya kula, imuulize mchezaji kama atalala, yaani aishie hapo, au atasafiri, yaani aendelee.