MWAJIRI MMOJA, VYAMA VITATU



Vijana wanaoanza kazi hushangaa wakisikia wazee wa reli hapa Nakuru wakitaja Kampala, Tabora na Mombasa kama mtu anayetaja mitaa ya mji mmoja. Sababu ni kwamba ilikuwa reli moja. Reli hiyo imekufa, lakini kufa kwake kuna funzo kwa kila mwenye kadi ya chama.

Gari la moshi lilifika Nakuru mwaka wa 1900, na mwaka wa 1901 likafika ziwani Kisumu. Njia hiyo ilijengwa na Waafrika pamoja na vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na kati ya hao Wahindi karibu 2,500 walikufa. Katika miaka ya 1920 Nakuru ikawa njia panda. Njia mpya ilipita Rongai, ikapanda mpaka Timboroa, juu ya futi 9,000, ikashuka Eldoret, na mwaka wa 1931 ikafika Kampala. Matawi nayo yakajengwa: Rongai kwenda Solai, na Gilgil kwenda Thomson's Falls, ambayo sasa ni Nyahururu. Mahindi, ngano, pareto na mbao za Bonde la Ufa zilipita mikononi mwa wapakizi, makarani, magadi na mafayamani.

Mwaka wa 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ile ya Tanganyika. Ndipo ikazaliwa East African Railways and Harbours. Nchi zilikuwa tatu, lakini mwajiri alikuwa mmoja na makao yake makuu yalikuwa Nairobi.

Je, wafanyakazi nao walikuwa kitu kimoja? Hapana. Kulikuwa na Railway African Union ya Kenya, nyingine ya Uganda, na ya tatu ya Tanganyika. Novemba 1959 wenzetu wa Kenya waligoma. Februari 1960 wenzetu wa Tanganyika wakagoma, nao wakashikilia siku 82. Huo ulikuwa ushujaa mkubwa. Lakini mwajiri alikuwa yule yule, na migomo haikuwa ya siku moja. Aliweza kukabiliana na kila chama kwa wakati wake.

Wako watakaosema kwamba kila nchi ilikuwa na sheria yake ya kuandikisha vyama. Ni kweli. Lakini sheria haikuwazuia viongozi kukaa meza moja na kuandika madai mamoja.

Hasara ilionekana mwaka wa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Kila serikali ilishikilia injini na mabehewa yaliyokuwa katika ardhi yake. Kenya ikaunda shirika lake la reli mwaka wa 1978. Na Mkenya aliyetumikia Kampala au Dar es Salaam miaka ishirini, angedai haki yake kwa nani? Mwajiri hayuko tena, na chama chake kinaishia mpakani.

Serikali tatu zilikubaliana kugawana mali na madeni ya Jumuiya mwaka wa 1984 tu, miaka saba baadaye. Kenya ilipewa asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, na kila nchi ikabeba pensheni za raia wake. Hata hivyo wastaafu wa Tanzania walikuwa bado wanahangaika mahakamani katika miaka ya 2000. Injini iligawanywa upesi kuliko jasho la dereva wake.

Msidhani hadithi hii ni ya kale. Mwaka wa 2006 reli ya Kenya na ya Uganda zilikabidhiwa tena kwa kampuni moja, Rift Valley Railways. Wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Mwaka wa 2017 mkataba ukavunjwa. Mara ya pili mwajiri alivuka mpaka, na mara ya pili aliondoka.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya:

1. Mwajiri akivuka mpaka, vyama vya pande zote viandike madai pamoja kabla mkataba haujatiwa sahihi.

2. Reli ikibadilisha mikono, haki za wafanyakazi zihesabiwe na kulipwa kwanza, ndipo mali igawanywe.

3. Kila mwanachama atunze barua ya kuajiriwa na karatasi za mshahara, na chama kiwe na nakala.

Matawi yetu ya reli yaliweza kunyamaza miaka mingi, majani yakaota juu ya mataruma. Mzee aliyeyapigilia hawezi kungoja hivyo, maana anakula kila siku. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu.