"I am hearing pain": tuache kuchekana kwa Kiingereza

Mwenzenu nipo. Nilipotea kidogo, si mnajua tena, testi zimefuatana kama siafu na madesa hayaishi. Bumu nalo ndo hivyo, kila siku tunaambiwa "wiki hii", kwa hiyo chai ya rangi na muhogo imekuwa ndo mlo rasmi wa hapa hosteli. Lakini leo sitaki kulialia. Kuna jambo linanikaa moyoni tangu niliporudi TP, na nimeona nisipolisema litanikaba.

Mnajua mimi nasomea ualimu, na somo langu ni Kiingereza. TP yangu nilipangiwa sekondari moja ya kata, Kidato cha Pili, watoto zaidi ya sabini kwenye chumba kimoja. Shule hiyo ilikuwa na sheria: ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao cha mbao shingoni, unakivaa mpaka umkamate mwenzako. Nilikiona siku ya kwanza nikacheka, maana hata sisi tulikivaa.

Basi bwana, siku moja katikati ya kipindi binti mmoja akanyoosha mkono. Mpole, anakaa dirishani, haongei sana. Akasimama huku ameshika tumbo, akasema: "Madam, I am hearing pain in the stomach."

Darasa zima likaangua kicheko. Kuna waliopiga madawati. Na mimi, Madam wao, niliyetumwa kuwafundisha... nikacheka. Sikucheka kwa sauti, lakini alinitazama na akaniona. Akakaa chini taratibu, akalaza kichwa kwenye dawati. Kengele ya mapumziko ilipolia akaondoka, baadaye nikasikia ameenda nyumbani, alikuwa anaumwa kweli. Tangu siku hiyo mpaka namaliza TP, yule binti hakunyoosha mkono tena. Nikimwuliza swali anaangalia daftari, kimya.

Usiku ule nilikuwa nasahihisha madaftari, usingizi umenishika, nikamwambia mwenzangu tuliyepanga naye chumba, "Mi nasikia usingizi." Nikaganda na kalamu mkononi. Nasikia usingizi! Kwani usingizi una sauti?

Jamani, hebu tufikiri. Kwa Kiswahili tunasikia maumivu, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu. "Kusikia" kwetu si kazi ya sikio peke yake. Waingereza wao wamegawa: sauti ni "hear", harufu ni "smell", baridi ni "feel", na tumbo likiuma wanasema "My stomach hurts" au "I have a stomach ache". Yule binti sentensi yake ilikuwa na mtenda, ina kitenzi, ina mpangilio mzuri, na ujumbe wake ulieleweka na kila mtu mle ndani, ndiyo maana walicheka! Alichokosea ni kutojua kwamba hapo njia inagawanyika. Na aliyepaswa kumwambia hivyo ni mimi.

Hoja yangu leo ni hii: makosa yetu mengi ya Kiingereza si ujinga. Ni Kiswahili safi kilichovalishwa nguo za Kiingereza. Mtoto wetu anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, utaratibu ulioanza 1967, halafu akifika Kidato cha Kwanza anaambiwa sasa Biolojia na Jiografia ni Kiingereza. Kichwa chake kinawaza kwa Kiswahili, mdomo unatafsiri. Mwalimu anayejua lugha zote mbili anaweza kumwonyesha mahali zinapoachana. Kitabu cha London hakiwezi kufanya hivyo, maana aliyekiandika hajui "nasikia" ni nini. Huo ni mtaji wetu, na sisi tunauona aibu.

Nimekaa nikaorodhesha sehemu ambazo mimi na wanafunzi wangu tunajikwaa kila siku. Chukueni, zitawasaidia.

1. Ile -me-. Tumefundishwa kwamba -me- ni "have", tukaishia hapo. Mwalimu anauliza yuko wapi fulani, tunajibu "He has slept". Lakini "amelala" yetu mara nyingi ina maana yuko usingizini sasa hivi, yaani "He is asleep". Vivyo hivyo "amevaa shati jeupe" ni "He is wearing a white shirt", "amesimama mlangoni" ni "He is standing at the door", "nimechoka" ni "I am tired". Jiulize kwanza: nazungumzia tendo lililokwisha au hali ya mtu aliyonayo sasa? Ikiwa ni hali ya sasa, hiyo "have" iache.

2. Ile -na-. Hapa ndo "I am knowing" na "I am wanting" zinakozaliwa. Kwetu "nasoma" na "najua" zinafanana umbo. Kwao vitenzi vya kujua, kutaka, kuamini, kuelewa na kusikia kwa kawaida havivai "-ing". Ni "I know", "I want", "I understand", basi.

3. Ingawa... lakini. "Although he is poor, but he is happy." Kiswahili kinaruhusu: ingawa ni maskini, lakini ana furaha. Kiingereza kinataka kimoja tu. Ukianza na "although", usiweke "but". Ukitaka "but", futa "although". Hii nina kisa nayo, nitawaambia.

4. Kuazima. "Borrow me your pen." Sisi anayetoa anaazima na anayepokea anaazima. Wao anayetoa ni "lend", anayepokea ni "borrow". Ukichanganyikiwa shika sentensi moja tu, "Can I borrow your pen?", itakufikisha popote.

5. He na she. "My mother, he is a nurse." Watu wanacheka sana hapa, eti mtu hajui mama yake ni mwanamke. Ulimi wake tangu azaliwe haujawahi kuulizwa swali hilo! "Anapika" ni baba, mama, shangazi, yeyote. Dawa yake ni mazoezi tu: simulia habari za shangazi yako dakika mbili kila siku kwa sauti, halafu za mjomba.

6. Ndiyo na hapana. Mtu akikuuliza "Hujala?" unajibu "Ndiyo", maana yake ni kweli sijala. Kwa Kiingereza "Haven't you eaten?" ukijibu "Yes" umesema umeshakula, sahani inapita hiyo unaiona. Jibu kwa sentensi nzima: "No, I haven't." Wengi tumelala njaa kwa sababu ya "Yes".

7. Pole. Tumezoea kuitafsiri "sorry". Mtu akijikwaa tunamwambia "sorry", mgeni anashangaa, anakuuliza "Why? It's not your fault." Siyo kwamba "sorry" haifai kabisa. Kwenye msiba "I'm so sorry" ndo yenyewe. Lakini kwa aliyejikwaa "Are you all right?" inatosha. Na "pole na kazi" msihangaike kuitafuta, hawana. Hapo wao ndo wana pengo, siyo sisi.

8. Saa. Saa mbili asubuhi ni "eight". Usitafsiri namba, ongeza sita au toa sita. Ukiambiwa "interview" ni "at two" ukafika saa mbili asubuhi, utakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana na soli zako zilizong'arishwa.

Sasa nahau. Hapa naomba niwe mkali kidogo. Kuna lile desa linalouzwa pale steshenari, kurasa kadhaa za nahau za Kiingereza, "raining cats and dogs" ndo ya kwanza. Na mimi nilikwenda nalo TP, nikawakaririsha watoto. Wiki iliyofuata nikawapa kazi ya kuandika barua ya kirafiki ya kumfariji mwenzao aliyefiwa. Kijana mmoja, tena mwenye bidii, akaandika: "I am sorry to hear that your grandmother kicked the bucket."

Ni sawa na kumwandikia mfiwa kwa Kiswahili "nimesikia bibi yako kadanja". Kamusi haikumdanganya, maana yake ni kufa. Ila hakuna aliyemwambia kwamba ni ya mzaha. Na hapa pia kosa lilikuwa langu, nilimpa neno bila kumwambia linasemwa wapi na nani kwa nani. Mvua nayo, watu wanaoishi na Kiingereza kila siku mara nyingi watakwambia tu "It's pouring".

Mnakumbuka Mwalimu Nyerere alitafsiri The Merchant of Venice ya Shakespeare? Kilichapishwa 1969. Angeweza kuandika "Mfanyabiashara wa Venisi", neno kwa neno, mtihani angepata vema. Aliandika Mabepari wa Venisi. Mimi naona alijiuliza kwanza msomaji wake atapata picha gani kichwani, ndipo akachagua neno. Nahau zinataka moyo huohuo: maana kwanza, halafu nani anamwambia nani, ndipo maneno.

Kwa hiyo kama una muda wa kukariri, kariri vile vidogo vya kila siku. "It depends", kwa ile "inategemea" yetu. "Never mind", kwa "achana nayo, usijali". "Hold on", kwa "subiri kidogo". "I'm on my way", kwa "niko njiani", hata kama bado unatafuta kiatu, hahaha. Na "I'll be right back", maana sisi tukiondoka tunasema "nakuja", tukitafsiri inakuwa "I am coming", na mgeni anabaki kukushangaa unasema unakuja huku unampa mgongo.

Najua kuna watakaoniambia, "Dada, unatetea Kiingereza kibovu, kwenye usaili wa kazi nani atakuelewa na hiyo hearing pain?" Ni kweli, na sikatai. Mtoto lazima arekebishwe, na mimi nalipiwa ada kwa kazi hiyo. Ninachobishania ni namna. Yule binti alisema anaumwa. Nilipaswa kumjibu kwanza yale aliyosema: "Oh, your stomach hurts? Go and rest." Angepata ruhusa, na hapohapo angeisikia sentensi sahihi bila kuaibishwa. Kesho yake ningeieleza "nasikia" kwa darasa zima, tena kwa Kiswahili, dakika tano tu. Kicheko hakimfundishi mtu sarufi, kinamfundisha kunyamaza.

Na msidhani haya ni ya sekondari tu. Hapahapa chuoni, kwenye semina, nani anaongea? Mara nyingi ni yuleyule aliyesoma shule za Kiingereza tangu utotoni, hata kama desa hajaligusa. Aliyesoma usiku kucha anakaa nyuma, ana hoja nzito, anaogopa "he" na "she". Mimi mwaka wa kwanza kwenye prezentesheni nilisema "Although the government tried, but..." Kaka mmoja nyuma akairudia "although-but" kwa sauti ya kuigiza, watu hoi. Muhula mzima sikufungua mdomo kwenye semina ile. Nilikuwa najua kabisa maumivu yake, na bado nikaja kumcheka mtoto wa watu. Hilo ndo linaloniuma kuliko yote.

Kipindi changu cha mwisho kule TP niliandika ubaoni neno moja kubwa, NASIKIA, nikachora mishale: sauti, harufu, baridi, maumivu. Nikawaambia kwa Kiswahili, kibao cha shingoni na kiende zake, kwamba siku ile mwenzao hakuwa mjinga, alikuwa anawaza kwa lugha yake kama sisi sote, na mimi nilikosea kucheka. Darasa lilitulia. Sitawadanganya kwamba yule binti alisimama akamwaga Kiingereza. Hakunyoosha mkono. Aliandika tu kwenye daftari, polepole, mishale yote.

Ninyi mtakaokwenda TP mwaka huu, mkikutana na mtoto anayesikia maumivu, mwulizeni tumbo linaendeleaje kwanza. Mengine yatafuata.

Naomba kuwasilisha. Maji yametoka, nawahi foleni kabla ndoo yangu haijarukwa.