Mwasumini Usiochanua: Tuhesabu Saa za Jua

Ndugu msomaji, mtu akiona mmea wake hauchanui, jambo la kwanza analolifanya ni kushika ndoo ya maji. Maji yasipofaa, huleta samadi. Samadi isipofaa, hushika panga. Ni wachache wanaokumbuka kuinua macho na kuuliza: je, mmea huu unapata jua kwa saa ngapi? Jumapili hii tulizungumze jambo hilo, nami sina budi kuanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Shangazi yangu anaishi Kasingirima, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Uani kwake, nyuma ya nyumba, katika debe lililokuwa la mawese, upo mwasumini uliotokana na tawi la mwasumini wa marehemu bibi yetu. Ule wa bibi haupo tena. Uling'olewa kiwanja chake kilipojengwa vyumba vya kupangisha. Kwa hiyo debe hilo ndilo ukumbusho pekee uliosalia, na shangazi alikuwa na nia moja: binti yake wa mwisho atakapoolewa, avikwe asumini za bibi yake.

Lakini mwasumini ulikuwa umekaa miaka miwili bila ua hata moja. Shangazi aliponiuliza, nilimjibu kwa haraka ya mtu ajionaye mjuzi: aongeze maji na samadi. Nilipokwenda kumjulia hali mwezi Juni, nilikuta matawi marefu yaliyolegea, pingili zimeachana, majani ya chini yamepiga manjano. Nilitia kidole katika udongo. Ulikuwa tope lenye harufu ya kuoza.

"Baba, uliyoniagiza yote nimeyafanya," alisema shangazi. "Sasa huyu kaka yako anasema tumwombe jirani aukate mwembe wake. Nami mwembe ule umewalisha watoto wa mtaa mzima. Nitamwambiaje jirani yangu?"

Nilitahayari. Mwasumini ulikuwa na njaa, nami nilikuwa nimeagiza unyweshwe maji.

Hapana budi tufahamu kwamba jua ndilo jiko la mmea. Samadi na maji ni kama unga na maji jikoni. Bila moto havitakuwa ugali. Mmea hutumia nuru kutengeneza chakula chake kwa maji na hewa, kitendo ambacho walimu wa sayansi hukiita usanisinuru. Chakula kikiwa haba, mmea hukitumia kuendesha maisha na kurefusha matawi yake kuitafuta nuru. Kuchanua ni gharama kubwa, na mwenye njaa hafanyi karamu. Tena mmea ulio kivulini hunywa maji kidogo; ukiumwagilia kama ulio juani, mizizi hukosa hewa na kuoza.

Mwasumini na mwaridi huhitaji takriban saa tano au sita za jua wazi kila siku ili vichanue vizuri. Bugenvilia na haibiskasi hupenda zaidi ya hapo. Begonia hutosheka na nuru ya kivulini. Basi neno "jua la kutosha" halina maana mpaka tuutaje mmea wenyewe.

Mfano mzuri tunao nchini mwetu. Katika milima ya Usambara huota ua dogo la zambarau liitwalo dughulushi. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika sehemu za Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Leo ua hilo limo madirishani katika nyumba nyingi sana duniani. Kwao ni kwenye miamba yenye unyevu chini ya miti ya msitu. Kwa sababu hiyo jua kali la mchana huyaunguza majani yake, ilhali gizani halichanui. Wakulima wa Ulaya, ambao siku zao za baridi ni fupi, huliwashia taa kwa saa 12 hadi 14 ili lichanue. Lipe dughulushi makao ya mwasumini, litakufa. Upe mwasumini makao ya dughulushi, utaishi bila ua, kama ule wa shangazi.

Sasa turudi Kasingirima. Watu wengi hudhani kwamba mahali penye jua leo patakuwa na jua mwaka mzima. Sivyo. Kigoma ipo karibu nyuzi tano kusini ya Ikweta. Tangu mapema Machi hadi mapema Oktoba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na kivuli cha nyumba huangukia kusini. Kuanzia Oktoba hadi Machi mambo hugeuka: jua hupita kusini, na kivuli huangukia kaskazini. Mwezi Juni, ukuta wenye urefu wa mita tatu huweza kutupa kivuli cha zaidi ya mita moja na nusu wakati jua lipo juu kabisa.

Debe la shangazi lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa kusini. Kwa hiyo miezi ya kiangazi ukuta uliunyima jua. Zamani hilo halikudhuru sana, kwa kuwa tangu Oktoba jua lilihamia upande wake, na mwasumini ukachanua. Lakini mwembe wa jirani, ulio kusini ya ua, ulikuwa ukikua mwaka hata mwaka, mpaka matawi yake yakaziba nusu ya mwaka iliyokuwa imebaki. Mwembe haukuwa na hatia, wala jirani. Kosa ni letu tuliouacha mmea palepale ilhali mahali pamebadilika.

Lipo na jambo la pili, nalo ni la saa. Saa ya Kigoma ni ile ile ya Dar es Salaam, lakini Kigoma ipo mbali sana magharibi, hivyo jua huchelewa kwa takriban dakika 38. Kigoma jua hufika juu kabisa karibu na saa saba mchana, si saa sita. Kwa hiyo joto kali la jua ni la saa saba hadi saa kumi alasiri, wakati jua linapoelekea ziwani. Jua la asubuhi ni la upole zaidi, na mmea uliopandwa katika debe, ambalo hupata moto upesi, hulifurahia.

Kabla hujahamisha chochote, ndugu msomaji, upime. Njia ya kwanza haina gharama. Siku ya mapumziko, chukua vijiwe. Tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kila saa itazame nafasi uliyoichagua. Jua likiwa limeipiga, weka kijiwe kimoja koponi. Jioni hesabu. Rudia jambo hilo mwezi Juni na mwezi Desemba, kwa maana majibu hayatakuwa sawa.

Njia ya pili ni ya mimea ya barazani na dirishani. Mchana, tandaza karatasi nyeupe mahali pa mmea, kisha weka kiganja chako juu yake kwa kimo cha futi moja. Kivuli kikiwa cheusi chenye kingo dhahiri, nuru ni kali. Kikiwa hafifu lakini vidole vinatambulikana, nuru ni ya wastani, yafaa dughulushi. Kisipoonekana, usipaweke mmea wa maua hapo.

Mmea wenyewe nao husema. Ukirefuka ovyo, ukapauka na kuinamia upande mmoja, unalilia nuru. Ukipata mabaka meupe au ya kahawia katikati ya majani, na vitumba vikakauka kabla ya kufunguka, huenda jua limezidi.

Tulifanya nini basi? Tulimwaga tope, tukakata mizizi iliyooza, tukatia udongo mpya uliochanganywa na mchanga, na kutoboa matundu zaidi chini ya debe. Matawi marefu tuliyapunguza, kwani mwasumini huchanua kwenye chipukizi changa. Kisha tulichagua upande wa mashariki wa nyumba, ambako tulihesabu vijiwe vitano: tangu saa mbili hadi saa saba. Baada ya hapo ukuta huukinga na jua la alasiri. Upande huo una faida nyingine: jua la asubuhi halikosekani hapo, liwe limeelekea kaskazini au kusini.

Hatukuuhamisha kwa siku moja. Jani lililozoea kivuli huungua likitolewa juani ghafla. Juma la kwanza ulikaa nje saa moja tu asubuhi, kisha mbili, hata ukazoea. Maji nayo yalipunguzwa: shangazi hutia kidole kwanza, naye humwagilia udongo wa juu ukikauka.

Mwishoni mwa Septemba alinipigia simu. Vilikuwa vitumba saba. Havikutosha kumvika bibi arusi, na arusi yenyewe haikuwa imepangiwa tarehe. Hata hivyo, jioni vilipofunguka alivichuma, akamtuma mtoto ampelekee jirani mwenye mwembe. Matawi tuliyoyapunguza hakuyatupa. Aliyachomeka katika makopo matatu, na moja limekwisha kutoa majani. Hilo ni la binti yake, aende nalo kwake. Nimemwambia aanze kwa kuuliza jua linachomoza upande gani wa nyumba hiyo.

Nawe, msomaji, kabla ya kushika ndoo au panga juma hili, hesabu vijiwe. Tukutane Jumapili ijayo.